Rahisi na Nafuu: Historia Fupi ya Sauti Nzito Nyumbani

Mpwa wangu akaaye Myamba, katika Milima ya Upare ya Kusini, wilaya ya Same, aliniletea ujumbe baada ya mavuno ya tangawizi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, aliuliza hivi: "Mjomba, nimepata fedha kidogo. Nataka kununua sabufa ili sebule yetu iwe kama sinema. Ninunue ipi iliyo rahisi?" Mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa, naye alituma neno lake kwa simu hiyo hiyo: kwamba ada ya chuo ya mdogo wake kijana huyu haijatimia, na kwamba yeye mwenyewe haombi kitu ila asikie vizuri taarifa ya habari.

Mimi ni mwalimu wa historia, wala si fundi wa vyombo vya umeme. Nilidhani nitamjibu kijana kwa maneno mawili, kisha nirudi katika kazi zangu. Lakini nilipoketi kuandika niliona kwamba swali lake lina umri mkubwa kuliko yeye na kuliko mimi. Watu wa milima yetu wamekuwa wakilijibu tangu gramofoni ya kwanza ilipopandishwa mlimani kichwani mwa mtu. Basi jibu langu limekuwa insha, na insha yenyewe yahusu maneno mawili ambayo aghalabu twayachanganya: rahisi na nafuu. Kitu rahisi ni kile ambacho bei yake haiumizi siku ya kukinunua. Nafuu ni jambo jingine. Mgonjwa akipata nafuu, maana yake hali yake leo ni bora kuliko jana. Kwa hiyo urahisi wa kitu huonekana dukani, lakini nafuu yake haijulikani mpaka kimekwisha kukaa nyumbani miezi kadhaa.

Yafaa kwanza tulitazame jina lenyewe. Kule lilikotoka, sabufa ni sanduku moja tu la spika, lifanyalo kazi ya kutoa sauti nzito zilizo chini kabisa, zile ambazo spika ndogo haziwezi kuzitoa. Kazi yake huanza mahali ambapo mitetemo ya hewa ni kama 20 kwa sekunde, ikaishia karibu na 100 au 120. Lakini neno lilipoingia Tanzania lilipanuka. Mtu wa kwetu asemapo "sabufa" hakusudii sanduku hilo peke yake. Akusudia seti nzima, pamoja na spika zake mbili tatu ndogo, redio ya FM, na tundu la kuchomeka flashi. Upanuzi huo si kosa la lugha. Waonyesha kwamba sabufa imechukua kiti cha redio katika sebule, na mrithi wa kiti hurithi pia wajibu wake. Hili tutalirudia.

Sasa tuanze na gramofoni. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad na wenziwe walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay, wakaimba mbele ya kinasa-sauti, na santuri zao zikaenea pwani yote na bara. Mashine iliyozipiga santuri hizo haikuhitaji umeme wala betri. Ilitiwa ufunguo kwa mkono, ikazungusha santuri, na sindano ikatetemesha kiwambo kidogo kilichopeleka sauti katika tarumbeta. Kwa nyumba isiyo na umeme, chombo hicho kilikuwa na nafuu kubwa: gharama yake baada ya kununuliwa ilikuwa sindano tu na santuri mpya. Walakini kilikuwa na upungufu mmoja. Ili tarumbeta itoe sauti nzito, ni lazima iwe kubwa mno, na gramofoni ya kubebeka haikuwa na nafasi hiyo. Sauti ya mwimbaji ilisikika, udi ulisikika kidogo, lakini uzito wa ngoma ulipotea njiani. Watu waliozoea kusikia ngoma kwa kifua kabla ya kuisikia kwa sikio walipewa ngoma isiyo na kifua.

Dawa ya upungufu huo ilikuwa imekwisha kupatikana Marekani. Mwaka wa 1925 wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza namna ya spika yenye koili ya waya inayocheza ndani ya sumaku na kuisukuma koni ya karatasi. Spika karibu zote za leo, pamoja na hiyo anayoitamani mpwa wangu, ni watoto wa spika ile. Lakini spika ya namna hiyo yataka kikuza-sauti, na kikuza-sauti chataka umeme. Hapo ndipo milima ilipoachwa nyuma kwa muda mrefu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili lilitokea jaribio ambalo kila mnunuzi wa chombo cha sauti angefaa kulijua. Katika nchi iitwayo leo Zambia, afisa wa habari wa serikali ya kikoloni, Harry Franklin, aliwashawishi watengenezaji wa betri za Ever Ready watengeneze redio ya watu wa kipato kidogo. Mwaka wa 1949 ikatoka redio ya duara, yenye umbo la sufuria ya alumini, na ikapata jina kwa sababu ya sufuria hiyo. Bei yake ilikuwa pauni 5, yaani shilingi 100 za wakati ule. Betri yake iliuzwa mbali, kwa shilingi 25, nayo ilidumu muda wa saa 300 hivi.

Tufanye hesabu pamoja. Mtu akisikiliza saa 3 kila siku, betri moja itamfikisha siku 100. Kwa mwaka atahitaji betri tatu na zaidi ya nusu, yaani shilingi 91 hivi. Basi ile redio ya shilingi 100 ilimdai mwenyewe karibu bei yake nzima tena kila mwaka. Bei iliyoandikwa dukani ilikuwa kweli, lakini ilikuwa nusu ya kweli.

Huku kwetu, utangazaji wa Dar es Salaam ulianza mwaka wa 1951. Mwaka wa 1956 ukawa chini ya shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka wa 1965 ukachukuliwa na serikali na kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Katika miaka hiyo hiyo transista, kitu kidogo kilichovumbuliwa Marekani mwaka wa 1947, ilichukua mahali pa taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio. Redio ikawa nyepesi, na njaa yake ya betri ikapungua sana. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, na jina la National likawa maarufu kwa redio na betri. Ndipo redio ilipofika kweli katika nyumba za milimani. Ilishuka katika treni au basi, kisha ikapanda njia za miguu pamoja na chumvi na mafuta ya taa.

Redio ya transista ilikuwa na spika ndogo kama kisahani, nayo haikuwa na sauti nzito hata kidogo. Hata hivyo watu hawakulalamika, kwa maana kazi yake kubwa ilikuwa maneno: taarifa ya habari, matangazo ya vifo, mafundisho ya kilimo, hotuba. Na maneno hayahitaji sauti nzito. Herufi zinazotofautisha neno na neno, kama vile s, t, k na f, hukaa katika sauti nyembamba za juu. Ndiyo sababu redio ndogo yenye sauti ya pua iliweza kueleweka na jirani aliyesimama uani. Redio ya mtu mmoja ilisikilizwa na nyumba tano, wala hapakuwa na mtu aliyeuliza ina wati ngapi.

Picha zilichelewa kufika. Unguja ilipata televisheni yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni mpaka mwaka wa 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza. Kabla ya hapo, na hata baadaye, mikanda ya video ndiyo iliyoleta sinema vijijini. Palipopatikana jenereta na pazia jeusi palizaliwa kibanda cha video, na mtafsiri akasimama kueleza kwa Kiswahili maneno ya wachezaji wa Hong Kong na Marekani. Katika vibanda hivyo vijana walijifunza kwamba sinema si picha tu. Walitaka kusikia mlango unavyobamizwa na ardhi inavyotetemeka.

Tamaa hiyo haikuwa ya kwetu peke yetu. Mwaka wa 1974, filamu ya Marekani iitwayo Earthquake ilionyeshwa katika kumbi zilizofungwa spika kubwa za sauti nzito, ili watazamaji wahisi tetemeko katika viti vyao. Mwaka wa 1992 filamu ya Batman Returns ilitoka na mpango mpya wa sauti wa Dolby, wenye njia tano za sauti kamili na njia ya sita ya sauti nzito peke yake. Diski za DVD zilipotokea katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, mpango huo uliingia majumbani. Hapo ndipo lilipopatikana sanduku linalokaa pembeni mwa sebule ya mtu wa kawaida na kufanya kazi ya njia ile ya sita.

Lililobaki lilikuwa umeme. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka wa 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini ukaanza kazi mwaka wa 2007. Nguzo zilianza kupanda milima ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikitazama usiku taa za miji ya tambarare. Kizazi kilichokulia kwenye betri kikaona kizazi kipya kikichomeka waya ukutani. Basi sauti nzito iliyopotea katika gramofoni ya babu ikarudi mlimani kwa mjukuu, baada ya karibu miaka mia.

Sasa twaweza kumjibu kijana, kwa kuwa historia hii imetupa vipimo.

Kipimo cha kwanza chatoka katika redio ile ya sufuria: tusiamini nusu ya kweli. Siku hizi nusu ya kweli haiko katika betri; iko katika wati. Utaona sanduku limeandikwa kwa herufi kubwa wati 10,000. Geuza chombo, usome kibandiko kilicho nyuma, karibu na waya wa umeme; huenda ukakuta kinavuta wati 60 tu. Hakuna chombo kiwezacho kutoa nguvu kuliko ile kinayoipokea. Umeme wetu ni volti 230. Wati 10,000 zingetaka ampea zaidi ya 43, na soketi ya sebuleni haiwezi kuzitoa. Kwa hiyo kibandiko cha nyuma ndicho kisemacho kweli. Tena, kuongeza wati maradufu huzidisha ukali wa sauti kwa desibeli 3, tofauti ambayo sikio hulitambua kwa shida. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili, wati zahitaji kuzidishwa kama mara 10. Basi mtu asiuze gunia la tangawizi kwa ajili ya kutoka wati 40 kufika 60.

Kipimo cha pili ni sanduku. Mapema katika miaka ya 1960 mhandisi mmoja wa Marekani, J. Anton Hofmann, alieleza kanuni ambayo mafundi wa spika huiita ya chuma, kwa kuwa haipindiki. Mnunuzi hutaka mambo matatu: sanduku liwe dogo, sauti ishuke chini sana, na itoke kwa nguvu bila kutumia umeme mwingi. Kanuni yasema atapata mawili, na la tatu litamkimbia. Chombo kidogo cha plastiki kinachodai yote matatu kinadanganya katika moja. Kwa fedha ile ile, sanduku la mbao lililo zito, lenye ukubwa wa kutosha na lisilolia linapogongwa kwa kidole, ni bora kuliko la plastiki lenye taa za rangi. Taa za rangi hazitoi sauti.

Kipimo cha tatu ni chumba. Sauti yenye mitetemo 40 kwa sekunde ina mawimbi yenye urefu wa mita nane na nusu hivi, marefu kuliko sebule ya watu wengi. Chumba chenye urefu wa mita 4 kina mtetemo wake wa asili wa karibu 43 kwa sekunde. Sauti ya namna hiyo ikipigwa ndani yake, kuta zenyewe huikuza. Maana yake ni kwamba sebule ndogo haihitaji sabufa kubwa. Ukiisogeza sabufa pembeni, kuta mbili na sakafu zitaiongezea nguvu bure. Kama pembe hiyo yaleta mvumo mbaya, iweke sabufa mahali pa kiti chako, upige wimbo wenye besi, kisha utembee ukiinama kando ya kuta. Mahali utakaposikia besi iliyo safi ndipo pa kuiweka. Na paa la bati lichunguzwe: msumari uliolegea utapiga kelele kuliko filamu yenyewe.

Kipimo cha nne ni fundi. Hapa mambo yamegeuka tangu siku za babu zetu. Hesabu ya betri imekwisha, kwa maana chombo cha wati 60 kikiwashwa saa 4 kila usiku hakitumii hata uniti 8 za umeme kwa mwezi. Gharama ya leo imehamia katika kuharibika. Umeme wa mwisho wa laini hupanda na kushuka, na chombo kisicho na kinga huungua. Kabla ya kununua, mtu amwulize fundi wa Same au wa Gonja: ni chombo gani kinacholetwa kwako na kikapona, na ni kipi hukosa vipuri? Swali hilo lina thamani kuliko maelezo ya muuzaji. Sehemu ya fedha iwekwe kwa ajili ya kifaa cha kulinda umeme. Na asisahau seremala: sanduku la mbao lililotengenezwa papa hapa na kutiwa spika nzuri huweza kumshinda mgeni aliyefungwa katika maboksi ya rangi.

Kipimo cha tano nimekiacha mwisho kwa sababu ndicho kizito kuliko vyote, nacho chatoka katika redio ya transista. Ni kuuliza: nani atakayesikiliza? Nilisema kwamba sabufa imerithi kiti cha redio. Redio ile haikuwa na besi, lakini ilieleweka na wote. Uzee hulipokonya sikio sauti nyembamba kwanza, zile zile zinazobeba herufi za maneno. Mzee huyo ukimwongezea besi, humwongezei kusikia. Wayafunika maneno machache aliyobakiwa nayo. Husikia nyumba ikivuma, wala haelewi mtangazaji amesema nini. Tena sauti nzito hazizuiliki kwa ukuta. Huenda hadi kwa jirani zikiwa zimeacha wimbo nyuma, na jirani hupata mtetemo tu bila furaha yake. Serikali nayo imeliona jambo hili, kwa maana kanuni za mwaka 2015 za usimamizi wa mazingira zimeweka viwango vya kelele na mitetemo.

Kwa hiyo nilimwandikia mpwa wangu hivi. Asitafute sabufa iliyo rahisi, atafute iliyo nafuu. Alipe kwanza ada ya mdogo wake, kwa sababu sabufa inaweza kungoja msimu mwingine, lakini chuo hakingoji. Kwa fedha itakayobaki anunue seti ya kiasi, ya mbao, yenye wati za kweli, ambayo fundi anaifahamu. Nikamwekea sharti moja lisilo na badala: iwe na kirungu cha besi kilicho peke yake, mbali na kirungu cha sauti. Na aijaribu dukani kwa kusikiliza taarifa ya habari kwanza, kisha muziki. Akifanya kinyume chake, masikio yake yatakuwa yamekwisha kulewa.

Alikasirika kidogo. Alisema nimemfanyia hesabu za mzee. Lakini ada ililipwa, na baada ya miezi kadhaa akashuka mwenyewe mpaka Same, akarudi na seti iliyokwisha kutumika, aliyoonyeshwa na fundi, yenye sanduku la mbao lililochubuka pembe moja.

Nilipokwenda Myamba kuwasalimu niliikuta sebuleni, imewekwa pembeni, juu yake kitambaa kilichofumwa na dada yangu. Jioni vijana wa jirani walikuja kutazama filamu, na kwa kweli ardhi ilitetemeka kidogo, nao wakafurahi. Ilipofika saa mbili ya usiku dada yangu alitoka jikoni, akaketi. Hakusema neno. Kijana aliinuka, akaizungusha besi mpaka mwisho upande wa kushoto, akafungua redio. Mtangazaji akaanza kusoma habari, na kila neno lilisikika.